UZI: "Kupanga vitabu nako kunasomewa?" Mimi ni mkutubi, njooni niwaeleze tunasoma nini hasa

#1

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kijana aliomba ushauri humu kama aende kusomea ukutubi au atafute kozi nyingine. Majibu aliyopata yaliniuma. Wengi walimwambia hiyo ni kozi ya kufuta vumbi na kupanga vitabu, na mmoja akauliza kabisa, "Kupanga vitabu nako kunasomewa?" Nilianza kumjibu kule kule, maelezo yakawa marefu, nikaona nifungue uzi. Nimesoma stashahada Bagamoyo, nimefanya kazi maktaba ya mkoa, na kazi hii naipenda. Uzi ni mrefu kidogo, mnisamehe.

Nianze na siku niliyoelewa nimesomea nini.

Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, wiki ya pili, nimekaa meza ya rejea, ile wasomaji wanapokuja kuuliza, pamoja na mkutubi mzee ambaye sisi wanafunzi tulimwita Mwalimu. Akaingia mama mmoja amejifunga khanga, kaacha ndala mlangoni kama anaingia nyumbani kwa mtu. Akanisalimia, akasema, "Mwanangu, mna kitabu cha mikutano?"

Nikafurahi, maana jibu nilikuwa nalo. Nikampeleka rafu ya 658, kwenye uongozi na utawala, nikamtolea kitabu cha namna ya kuendesha vikao: mwenyekiti anafungua vipi, katibu anaandika nini. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akakifunga. Akasema asante. Nikaona amegeuka anaelekea mlangoni, na mimi nikarudi kukaa nikiamini nimehudumia mtu.

Mwalimu alikuwa anatutazama. Akanyanyuka, akamfuata. "Mama shikamoo. Mkutano gani huo unaoutafuta?"

"Wa kijiji, baba."

"Unakuja, au umeshafanyika?"

Yule mama akanyamaza kidogo. "Hapo ndipo penye shida. Wao wanasema umefanyika."

"Wao nani?"

Akavuta kiti. Kumbe kipande cha shamba alichokuwa analima tangu mumewe yu hai kimegawiwa mtu mwingine na halmashauri ya kijiji, na kila akiuliza anajibiwa kwamba mkutano wa kijiji ulishapitisha. Yeye hakumbuki mkutano wowote, na majirani zake nao hawakumbuki. Alichokuwa anataka kujua ni kama mkutano huo ni lazima uwepo, au ni hisani tu ya viongozi.

Mwalimu akaenda kwenye rafu ya sheria, akarudi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Akafungua kifungu cha 8, akashuka na kidole mpaka kifungu kidogo cha 5. Ilikuwa kwa Kiingereza. Akamtafsiria taratibu: halmashauri ya kijiji haitagawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila bila kwanza kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mama akamwomba arudie. Akarudia. Mama akaweka kidole chake mwenyewe juu ya ule mstari asioweza kuusoma, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akaomba kalamu, akaandika kiganjani: 8(5).

Mwalimu akamwambia jambo moja la ziada: akirudi kijijini aombe kuuona muhtasari wa mkutano huo, maana mkutano uliofanyika huacha maandishi.

Wakuu, kitabu nilichompa mimi kilikuwa sahihi kabisa kwa swali alilouliza. Hakikuwa na faida yoyote kwa swali alilokuja nalo. Kule kuuliza alikofanya Mwalimu darasani tunakuita mahojiano ya rejea, na tunayasoma kwa kipindi kirefu, lakini mimi nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani. Mtu akija maktaba huwa hasemi anachotaka. Anasema kile anachodhani maktaba inacho. Mkutubi ndiye mwenye kazi ya kusafiri kutoka swali linalotamkwa hadi shida iliyomtoa mtu nyumbani. Hilo ndilo tunalosomea, na mengine yote yapo ili kulitumikia hilo.

Hata huko kupanga vitabu. Mnaoona namba mgongoni mwa kitabu mnadhani ni namba za stoo. Mfumo unaotumika maktaba nyingi za kwetu ni wa Mmarekani Melvil Dewey, ulitoka 1876, unagawa maarifa yote ya dunia katika mafungu kumi. Sasa angalieni dini, fungu la 200. Kuanzia 220 mpaka 280 na ushee ni Biblia na Ukristo. Dini nyingine zote zilizobaki duniani zimepewa 290. Uislamu wote ni 297. Dini za jadi za Afrika ziko 299.6. Mimi nilikuwa nasoma haya Bagamoyo, mji wa misikiti na madrasa za tangu zamani, nikaelewa kwamba aliyepanga rafu alikuwa amekaa upande fulani wa dunia. Fasihi nayo ni hivyo hivyo: Kiingereza kina 820, Kijerumani 830, Kifaransa 840, kila kimoja na fungu lake zima. Fasihi yetu ya Kiswahili yote, tendi za zamani na riwaya za sasa, inaingia 896.392. Mkutubi asiyejua hili ataendelea kupanga tu. Anayelijua atajiuliza msomaji wake wa Kiswahili atafikaje kwenye kona hiyo, na pengine atahamishia rafu ile karibu na mlango, kama tulivyofanya sisi.

Mwingine tunayemsoma sana ni Ranganathan wa India. Alikuwa mwalimu wa hisabati, mwaka 1924 akapewa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras, na 1931 akaandika kanuni tano ambazo hadi leo kila mkutubi anazijua. Vitabu ni vya kutumika. Kila msomaji na kitabu chake. Kila kitabu na msomaji wake. Okoa muda wa msomaji. Maktaba ni kiumbe kinachokua. Ile ya kwanza mtu anaweza kuiona nyepesi, lakini mimi nimesoma sekondari ambayo maktaba ilikuwa na kufuli. Vitabu vilikuwamo, vipya, tena vya msaada, vimepangwa kwa mpangilio mzuri kabisa, na ufunguo ulikaa kwa mwalimu mmoja aliyeogopa kudaiwa kitabu kitakachopotea. Miaka minne nimeviona kwa dirishani. Kitabu ambacho hakijapotea kwa sababu hakijawahi kuguswa kilikuwa kimeshapotea tayari.

Halafu kuna somo linaloitwa taarifa na jamii, na hili ndilo lililonibadilisha. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe za Uhuru, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Haikuwa bahati nasibu ya kalenda. Nchi ilikuwa inataka watu wake wajue, na wakati huo watu wazima walio wengi walikuwa hawajui kusoma. Sasa maktaba utampelekeaje asiyesoma?

Jibu lao lilikuwa ni kwenda nje ya kuta. Kisomo cha watu wazima kikashika kasi miaka ya 70. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: redio inarusha kipindi kila wiki, kwa wiki kumi na mbili, na kijijini watu wamekaa kikundi chini ya mwembe na kiongozi mwenye kijitabu. Wanasikiliza, anayejua kusoma anawasomea wenzake, wanajadili, kisha wanaamua jambo la kufanya kabla ya wiki ijayo. Wachimbe choo. Wafyeke nyasi. Wachemshe maji. Takriban watu milioni mbili walishiriki. Bibi yangu alikuwa mmoja wao, na mpaka anazeeka alikuwa akiimba wimbo wa kampeni ile akichemsha maji.

Nikimfikiria bibi na kikundi chake naiona maktaba kamili: chanzo cha taarifa, mtu wa kuifikisha, nafasi ya kuuliza, na kitu kinachobadilika nyumbani. Kilichokosekana ni rafu tu.

Karibuni kwa maswali.

#2

Dada, asante kwa uzi, umeandika vizuri. Ila tuseme ukweli, hayo yalikuwa zamani. Leo kila mtu ana simu. Yule mama angeuliza Google, au hizi programu za akili mnemba, angepata jibu bila nauli ya kwenda mjini. Mkutubi wa nini tena?

#3

Mkuu, swali zuri na nalichukulia kwa uzito, kwa sababu kila mwaka wa bajeti tunaulizwa hilo hilo.

Yule mama angeandika nini kwenye simu? Angeandika "mikutano." Angepata mikutano. Mashine ingefanya vile vile nilivyofanya mimi siku ile, tena kwa kasi zaidi, na angeondoka akiamini ameshajibiwa.

Kingine. Mwaka fulani alikuja mfugaji wa kuku, kuku wake wanakufa kwa mdondo. Alikuwa na video kwenye simu, mtu anaeleza kwa sauti ya uhakika namna ya kutibu mdondo kwa shubiri na pilipili. Sikumwambia ni uongo. Tulikaa naye tukauliza maswali ambayo tunafundishwa kuyauliza kwa kila taarifa: huyu anayesema ni nani? Amesema lini? Amejuaje? Anauza kitu? Kisha tukatoa kijitabu cha ugani. Mdondo ni ugonjwa wa kirusi, hauna dawa, una chanjo. Ile chanjo ya tone la jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na hupewa kuku wasio wagonjwa, kabla ugonjwa haujaingia bandani. Akaniambia, "Kumbe nimekuwa nikitibu kisichotibika." Kuku waliokwisha kufa hawakurudi, lakini swali la "amejuaje?" aliondoka nalo. Hilo halimwishii hata akibadilisha simu.

Tena mkuu, vingi vyetu havimo kwenye intaneti. Magazeti ya zamani, ripoti za wilaya, mihtasari, picha. Kuna gazeti la Mambo Leo lilianza 1923, watu wa kawaida walikuwa wakituma humo barua na mashairi. Kuna Kwetu, gazeti la Erica Fiah, mwenye duka wa Dar es Salaam aliyetokea Uganda, lililoanza 1937. Mtu akitaka kujua babu zetu walikuwa wanagombania nini mjini miaka hiyo, lazima aende mahali ambapo karatasi hizo zimehifadhiwa, na akute mtu anayejua zilipo.

Simu siipingi hata kidogo. Maktaba yetu vijana wanajaa kwa ajili ya intaneti. Ila bado wananyanyua mkono kuniita.

#4

Salamu kutoka Nairobi. Dada, umenigusa na hiyo habari ya kufuli. Hapa kwetu maktaba ya McMillan katikati ya jiji ilifunguliwa 1931, jengo zuri la nguzo za mawe na simba wawili mlangoni, na mpaka 1958 ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwafrika alikuwa anapita nje tu. Hivi karibuni kina mama wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk kwa ajili ya kuikarabati pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. Kaloleni sasa ukienda Jumamosi watoto wamejaa. Na msisahau ngamia! Garissa tangu 1996 vitabu vinabebwa na ngamia kuwafuata wafugaji wanakohamia.

#5

Kaka wa Nairobi, asante sana. Hao ngamia huwa nawataja kila nikiambiwa kwamba watu wa vijijini hawapendi kusoma. Nyinyi pia mna bahati na Kifungu cha 35 cha Katiba yenu ya 2010, kinachompa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya utekelezaji mlipata 2016, na sisi huku tulipata ya kwetu mwaka huo huo. Kwetu ofisi ya umma ina siku 30 za kukujibu ombi lako, kwenu ni 21. Wangapi humu wamewahi kuandika barua ya kuomba taarifa kwa sheria hiyo? Mimi nimesaidia watu wachache sana kuiandika, na kila mara wanashangaa kwamba haki hiyo ipo. Sheria nayo ni kitabu kinachotafuta msomaji wake.

#6

Mimi niko masjala, nimesomea utunzaji kumbukumbu. Huku ndiko tunakodharauliwa zaidi. Mtu akikosea ofisini anaambiwa "tutakupeleka masjala" kama vile ni jela. Mtoa mada, sema neno na sisi.

#7

Ndugu yangu, nisingekuacha.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu, mafao yake yalikokotolewa kwa daraja la chini kuliko alilokuwa nalo, kwa sababu barua ya kupandishwa haikuonekana kwenye faili. Ofisi siitaji. Alienda, akarudi, akaenda tena. Karibu miaka miwili. Nauli inamwisha, na kila dirisha analofika anaambiwa aje na nakala, nakala ambayo yeye aliiacha kwao akiamini ndipo mahali salama.

Mwishowe msichana mmoja mgeni pale masjala, ametoka chuoni karibuni, akamuuliza baba swali moja: "Mzee, kuna mwalimu mwingine mwenye majina kama yako?" Yupo, wilaya ya jirani. Akaenda kulifungua faili la huyo mwingine, na barua ya baba ilikuwa humo, imetobolewa vizuri, imewekwa kwenye uzi wake. Mtu aliweka kwa jina bila kuangalia cheki namba, ile namba ya utumishi ya kila mmoja.

Alichokifanya yule binti ni kile kile alichofanya Mwalimu kwa yule mama. Aliuliza. Baba akaja nyumbani jioni hajui acheke au alie. Kwa hiyo mimi masjala naiheshimu, ndugu yangu. Mshahara wa mtu, kiwanja cha mtu, cheo cha mtu, vyote vimelala kwenye jalada mnalolishika.

#8

Shikamoo dada. Mimi nimemaliza form six mwaka huu, ni yule niliyeomba ushauri kule mwanzo. Nimesoma yote. Nasomea wapi na nianze na nini?

#9

Marahaba mdogo wangu, nafurahi umeuona huu uzi.

Chuo cha ukutubi Bagamoyo kipo tangu 1989, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kinatoa astashahada na stashahada. Kwa shahada angalia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho pia kina ile maktaba kubwa iliyofunguliwa 2018, au Tumaini. Sokoine wana shahada ya taarifa na kumbukumbu. Ukitaka kuvuka mpaka kuna Makerere, ambako ukutubi wa Afrika Mashariki ulianza kufundishwa 1963, na Moi kule Eldoret. Sifa za kujiunga na ada hubadilika, pitia tovuti zao mwenyewe kabla hujalipa mtu yeyote.

Kabla ya kujaza fomu fanya hivi. Nenda maktaba ya mkoa iliyo karibu nawe, kaa siku nzima usisome kitu, angalia wanaoingia. Sikiliza wanavyouliza. Ukijikuta unataka kunyanyuka uwafuate, jaza fomu. Ukichoka saa nne asubuhi, tafuta kozi nyingine na hakuna aibu.

Na kidogo cha kukupa hamu: chukua kitabu chochote kilicho karibu nawe, geuza nyuma, tafuta namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Ikiwa baada ya 978 inafuata 9976 au 9987, namba hiyo imetolewa hapa Tanzania na Bodi ya Maktaba. Ikiwa 9966 ni Kenya. 9970 ni Uganda. Hesabu nyumbani kwenu ni vingapi vya hapa.

Ajira sikudanganyi, si nyingi na maktaba nyingi za shule hazina mkutubi aliyesomea. Jifunze kompyuta kwa bidii, hasa Koha, programu ya katalogi isiyo na malipo, maana ofisi na vyuo wanaitafuta.

#10

Nimehesabu dada. Vitabu kumi na saba, vya hapa ni vinne, na viwili kati ya hivyo ni vya shule. Kesho naenda maktaba.

#11

Mtoa mada, umetuacha njiani. Yule mama wa shamba iliishaje?

#12

Mkuu, kesi iliishaje sijui, na nisingependa kukutungia.

Alirudi mara moja, mafunzo yangu yakiwa yanakaribia kwisha. Ndala mlangoni kama kawaida. Safari hii hakuniuliza kitabu cha mikutano. Alisema, "Nipe ile nane, tano." Nikaitoa, akaomba fotokopi ya ukurasa ule. Nikamuuliza nakala ngapi, akahesabu kwa vidole: moja yake, tatu za majirani. Mashine yetu ilikuwa inakwamisha karatasi siku hiyo, akasubiri karibu saa nzima. Zilipotoka alizikunja mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela zake, akavaa ndala, akaenda stendi.